Dinari Zilizopigwa Vibaya

Sarafu ya kwanza tuliiyeyusha. Nasema hili mapema, ili mtu asije akadhani nilizaliwa na ujuzi huu. Ilikuwa ya fedha, ndogo, haikuzidi sana ukucha wa kidole gumba, na kichwa cha mtu kilichochorwa juu yake kilikuwa kimesogea pembeni mpaka pua na kidevu vikabaki nje. Baba aliishika kwa koleo, akaitia kwenye chungu cha kuyeyushia, nami nikavuta mvukuto kama nilivyozoea. Ilikwisha upesi kuliko chai kuchemka.

Baba alikuwa sonara. Babu alitoka Kilwa na vyombo vyake vya kazi ndani ya kikapu, akafungua kibanda Tukuyu, karibu na soko, miaka mingi kabla sijazaliwa. Sisi watoto tulizaliwa pale, tukazoea mvua na baridi, mimi nikajifunza kuvaa sweta chini ya buibui. Kaka zangu wawili walihamia Mbeya kuuza vipuri. Mimi niliyekuwa wa mwisho, na tena msichana, nikabaki na nyundo. Baba hakupenda watu wajue kwamba bangili nyingi zilizotoka kwetu nilizifua mimi. Macho yake yalianza kuingia ukungu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na toka hapo akawa anaisikiliza kazi badala ya kuitazama. Nikipiga vibaya muhuri, kile chuma cha kutia mchoro kwenye fedha, aliujua mlio.

"Umepiga mara mbili," alikuwa akisema akiwa amekaa kwenye kiti chake, bila kugeuka.

Na kweli, nikitazama ua nililolipiga, petali zilikuwa na vivuli, kana kwamba ua limetikiswa na upepo. Muhuri ulikuwa umeruka kidogo baada ya pigo la kwanza, na pigo la pili likaangukia kando. Nilifanya makosa ya namna hiyo mwaka mzima, na baba alinifanya niyaeleze kila moja: nyundo ilifanya nini, mkono ulifanya nini, kisahani, kile kipande bapa cha fedha, kilikuwa na moto kiasi gani. Sikuona faida yake wakati ule. Niliona ananitesa tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini sokoni kila siku ya gulio, na hereni za kung'aa kutoka Dubai ziliuzwa barabarani zikiwa zimetundikwa kwenye kadibodi. Wasichana wa Tukuyu walizipenda. Baada ya miezi miwili dhahabu ilibanduka ikabaki shaba, masikio yakawawasha, lakini wakati huo walikuwa wameshanunua nyingine. Kazi yetu ilipungua. Ndiyo maana Mama Mkunga alipoingia dukani na kopo la tumbaku mkononi, baba alisimama kumpokea kabla hata sijamwamkia.

Mama Mkunga alikuwa Mzungu aliyekuja Rungwe akiwa msichana kuzalisha kina mama, akazeekea hapo. Jina lake halisi walilijua wachache. Alizalisha nusu ya watu wa vijiji vya Masoko na Kisiba, na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Sasa alikuwa amestaafu na alijiandaa kurudi kwao.

"Shikamoo Mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, nina kazi ndogo."

Alifungua kopo. Ndani mlikuwa na sarafu kumi na mbili, kila moja imefungwa uzi mwekundu. Alitueleza kwamba baba yake, aliyekuwa mwalimu wa shule, alikusanya maisha yake yote dinari za Warumi wa kale, akamrithisha. Zilizo nzuri alikwisha kumpelekea mtoto wa kaka yake huko Ulaya. Hizi zenye uzi alikuwa ameandikiwa na huyo mpwa wake, aliyewahi kuziona, asijisumbue nazo, maana zote ni mbovu. Alitaka ziyeyushwe zitoke bangili moja ya kumwachia mama aliyeishi naye na kufanya naye kazi kwa miaka mingi, mwenyeji wa Masoko.

"Asijue mpaka iwe tayari," alisema.

Baba alitaka kwanza kuijaribu fedha yenyewe, na hapo ndipo ile ya kwanza ilipokwenda. Ilituachia punje safi, nyeupe. "Fedha nzuri," baba alisema kwa furaha. "Leta nyingine."

Niliichukua ya pili kwa koleo na kuisogeza kwenye mwanga wa mlangoni kufungua uzi. Upande mmoja ulikuwa na kichwa cha mwanamume mwenye shada la majani nyweleni, anatazama kulia. Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na kichwa kilekile, ila kimezama ndani kama unyayo kwenye udongo, na kilitazama kushoto.

Niliacha kuvuta mvukuto.

"Moto unashuka," baba alisema.

"Baba, subiri. Hii ina uso huohuo pande zote mbili. Mmoja umetokeza, mmoja umeingia ndani."

"Mtu ameichezea."

"Haijachezewa. Hili ni lile kosa langu la mkufu wa bi harusi."

Aliinua kichwa, na nikajua amekumbuka. Miezi michache nyuma nilikuwa nikipiga visahani vya mkufu kwa mihuri miwili, wa chini ukiwa umekazwa kwenye fuawe na wa juu nimeushika mkononi. Kisahani kimoja kilinasa kwenye muhuri wa juu bila mimi kuona. Niliweka kingine, nikapiga. Kile kipya kilipata ua upande wa chini kutoka kwenye muhuri, na upande wa juu kikapata ua lilelile likiwa limezama, kwa sababu kilichokigonga juu hakikuwa muhuri bali ua la ndugu yake aliyenasa. Baba aliusikia mlio mzito, akaniuliza nimepiga nini, na sikuweza kumjibu mpaka nilipoligeuza lile ua.

Mama Mkunga alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mnasemaje?"

"Mama, hii haikuharibika baadaye," nilimwambia. "Ilikosewa siku ileile ilipopigwa. Fundi alikuwa na haraka."

Niliona hakuniamini, na sikumlaumu. Basi nikamwonyesha. Nilichukua kisahani cha shaba nilichokwisha kukipiga ua, nikakibandika kwa lakiri kwenye muhuri wa juu kana kwamba kimenasa. Juu ya muhuri wa chini nikaweka kipande laini cha madini ya risasi. Nikapiga mara moja, kwa nguvu. Nilipokitoa kile kipande, nilimkabidhi kikiwa bado na joto. Ua lililotokeza, ua lililozama. Akakiweka kando ya dinari yake kwenye kiganja, akavua miwani, akaivaa tena.

"Baba yangu alitumia miaka kumi kutafuta aliyeiharibu hii," alisema polepole. "Aliamini kuna mtoto aliyeikandamiza kwenye kitu."

"Na ile tuliyoyeyusha?" baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nilitamani nisijibu. "Ile nayo ilikuwa imekosewa palepale kiwandani. Kisahani kiliwekwa pembeni ya muhuri, kichwa kikatoka nusu."

Tukaitazama ile punje nyeupe iliyokuwa ikipoa, sisi watatu. Mama Mkunga akalisogeza kopo kwangu. "Basi tumebakiwa na kumi na moja," alisema. "Ziangalie zote, mwanangu. Sina haraka ya kuondoka kabla ya mvua kuisha."

Mvua za Tukuyu haziishi haraka, na nilizitumia vizuri. Kila alasiri, wateja wakiwa wamejificha makwao na ukungu umeufunika Mlima Rungwe mpaka chini, nilikaa mlangoni na kioo cha kukuzia cha baba na daftari la shule. Nilianza na swali moja, lile alilokuwa akiniuliza baba kila nilipokosea: mkono ulifanya nini? Kila sarafu ilinijibu. Mojawapo ilikuwa na mtu mwenye pua mbili na midomo miwili, na herufi zilizomzunguka zilikuwa na vivuli. Hiyo sikuhitaji hata kioo. Nyingine ilikuwa na kichwa safi kabisa, lakini juu ya shavu lake palionekana mstari mwembamba wa magurudumu na miguu ya farasi. Nilihangaika nayo siku mbili. Kisha nikaona kwamba farasi wale walikuwa wa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Ilipigwa mara ya kwanza, ikaruka, ikageuka, ikapigwa tena, na pigo la pili halikufuta lote la kwanza. Nilipoelewa nilicheka peke yangu, hata muuza parachichi wa jirani akaniuliza kuna nini.

Kuna iliyokuwa na ufa uliotokeza, kama uzi wa fedha kutoka sikioni hadi ukingoni. Yule mpwa wa Mama Mkunga aliandika kwamba imepasuka. Haikupasuka. Ufa ukiwa kwenye sarafu huzama. Ufa ukiwa kwenye muhuri, fedha huingia ndani yake na kutokeza. Muhuri wa Mrumi yule ulikuwa umechoka, naye akaendelea kuutumia. Baba aliposikia hilo aliupapasa muhuri wake wa yasmini kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Na nyingine ilikuwa imekatwa meno kuzunguka ukingo wote, meno ambayo yule mpwa aliyahesabu kuwa uharibifu. Mimi niliyaona yamepangika mno, na michoro ya uso haikuyagusa. Ilitengenezwa hivyo kwa makusudi, ni aina yake.

Moja ilinipa taabu. Ilikuwa nyepesi mkononi kuliko wenzake, na nilipoidondosha juu ya jiwe mlio wake ulikuwa mfu. Ukingoni ngozi ya fedha ilikuwa imebanduka, na ndani nikaona wekundu.

"Baba, hii ni hereni ya Dubai," nilimwambia.

Akaishika, akaipima kwa kiganja, akacheka sana, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi siku zile. "Kumbe hawa nao!" alisema. "Shaba ndani, fedha juu. Na mtu akapeleka sokoni akanunua mkate."

Habari hazifichiki Tukuyu. Mvua zilipoanza kupungua alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale wanunuzi waliozagaa nchi nzima baada ya milango kufunguliwa, hawa wakinunua kahawa, hawa mawe, yeye akinunua fedha kuukuu na hela za Mjerumani. Alivaa koti la ngozi na alikaribishwa vizuri kila mahali. Siku hiyo Mama Mkunga alikuwa dukani, na safari hii alikuja na mwenzake, mama wa Masoko, aliyekuja mjini kununua chumvi na mafuta ya taa. Mama huyu alikuwa mrefu, mkimya, na z zote kinywani mwake ziligeuka s. Bado hakuwa ameambiwa chochote.

Yule mnunuzi aliomba kuziona. Nilizipanga juu ya kitambaa cheusi. Akainama, akazigusa mojamoja, akapumua kama mtu anayesikitika.

"Dada, mmedanganywa," aliniambia. "Hizi ni feki. Angalia hii ina pua mbili! Serikali gani itatoa hela yenye pua mbili? Hii imepinda. Hii ni shaba. Mimi nitawasaidia tu, nitazichukua zote kwa uzito, kama chuma chakavu."

Alisema hivyo, lakini mkono wake ulirudi mara tatu kwenye ile yenye uso uliozama. Nilihesabu.

"Hiyo ya shaba umesema kweli," nilimjibu. "Ni bandia, na ni bandia ya kalekale. Haya, nionyeshe hii yenye pua mbili ilighushiwa vipi."

"Imemwagwa kwenye kalibu. Kalibu ilitikisika."

"Ingekuwa imemwagwa, ingekuwa na vitundu vya hewa, na herufi zingekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Chukua kioo. Tazama kando ya herufi, utaona michirizi inayokimbilia ukingoni. Fedha ilikimbia pigo. Kitu cha kumwagwa hakikimbii."

Hakukichukua kioo.

"Na pua mbili zimeachana sawasawa na herufi zilivyoachana," niliendelea. Sasa nilikuwa nimepata moto. "Nyundo ilipiga mara mbili, basi. Unayoitaka wewe ni ile pale kushoto, na unaijua vizuri kuliko unavyosema."

Baba alikohoa. Nilidhani atanikemea kwa kumkosea mgeni heshima. Badala yake alisema, kwa utulivu wa mtu anayekaribisha chai, "Bwana, umemsikia fundi."

Hakuwahi kuniita hivyo mbele ya mtu. Uso wangu uliwaka, nikaanza kupanga upya sarafu ambazo zilikuwa zimeshapangika. Yule mnunuzi alitabasamu, akafunga koti lake, akasema atapita tena. Hakupita.

Mama wa Masoko alikuwa amesimama muda wote huo nyuma ya mwenzake. Sasa alisogea, akaichukua ile yenye uso uliozama bila kuomba ruhusa.

"Hii imesaliwa vibaya," alisema.

"Imezaliwa vibaya, ndiyo," Mama Mkunga alisema.

"Kama wale wanaotangulisa miguu. Na ikaishi." Aliipapasa kwa kidole. "Wewe ulitaka kusifanya nini hisi?"

Mama Mkunga alinitazama, nami nikatazama chini. Ilibidi aseme. Akaeleza habari ya bangili, na kwamba ilikuwa iwe siri, na kwamba tumeshayeyusha moja. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Bangili ya nini? Ninalima migomba. Ninaosha vyombo. Bangili itakuwa inanisuia tu." Akaifumbata ile sarafu. "Mimi nipe hii. Hiyo sawadi ingine uliyonayo moyoni ninaijua, haitaki kuvaliwa."

Mama Mkunga alimshika mkono, ule wenye sarafu, na wakasimama hivyo wakiongea Kinyakyusa kwa sauti ndogo. Nilielewa maneno machache tu, "ndaga fijo" likiwa mojawapo, la shukrani, likirudiwarudiwa na wote wawili. Baba alinifanyia ishara tutoke nje, nasi tukatoka, tukasimama chini ya upenu kama wateja tuliokuta duka limefungwa.

Kumi zilizobaki Mama Mkunga aliniachia mimi. Alikuwa na sharti moja: niandike kila nilichokiona, kwa mpangilio, yeye akifika kwao atafasiri na kumpa mtaalamu wa sarafu za Warumi. Niliandika kurasa kumi na nne, nikamnakilia, naye akazipiga picha zile kumi. Niliandika bila kusema "labda" wala "huenda", kwa sababu niliona mtu aliyeshika nyundo hana haja ya maneno hayo.

Aliondoka kiangazi kilipokolea. Tulikwenda kumuaga, na watu wa Masoko walijaa njiani, wengine wakijitaja kwa siku waliyozaliwa mikononi mwake. Mama wa Masoko hakulia. Alisimama mpaka gari lilipopotea nyuma ya mashamba ya chai, kisha akasema anakwenda kupalilia, na akaenda.

Jibu lilikuja baada ya karibu mwaka na nusu, barua mbili ndani ya bahasha moja, ya mtaalamu na ya Mama Mkunga aliyenifasiria. Yule mtaalamu alikubaliana nami kwa sarafu tisa. Kuhusu ile yenye sura iliyozama, ambayo aliisoma tu kwenye maandishi yangu bila picha, alisema watu wa kazi yake wanaijua aina hiyo vizuri, na kwamba maelezo yangu ya kisahani kilichonasa ndiyo yaleyale wanayoyafundisha. Kwa moja alinisahihisha. Kulikuwa na dinari yenye vitobo vidogo usoni, kimoja kama mwezi, kingine kama nyota, nami niliandika kwa kujiamini kwamba ni uchafu ulionasa kwenye muhuri. Akasema ni alama za wabadili fedha wa zamani, waliogonga sarafu kwa muhuri mdogo kuona kama ndani kuna shaba. Nilipoyasoma hayo niliikimbilia sarafu yenyewe. Vitobo vilikuwa vimezama na kingo zake zilikuwa kali. Uchafu uliojaa kwenye muhuri ungefifisha mchoro tu, na ningejua hilo kama ningejiuliza swali langu mwenyewe. Niliichukua kalamu nikafuta mistari ile kwenye daftari, na chini yake nikaandika: mpima fedha mwenzangu alipita hapa.

Kosa lile halikunipunguzia kitu. Baba, aliyekuwa sasa haoni hata mlango, alimweleza kila aliyeingia kwamba binti yake anaandikiana na Ulaya kuhusu fedha za Warumi, na watu wakaanza kuniletea vyao. Mwalimu mmoja wa Ikuti alileta heleri, senti ya enzi za Mjerumani, iliyopigwa pembeni, nzuri ajabu. Mwanamke mmoja alileta sarafu ya senti ishirini yenye pande zisizolingana: ukiigeuza, ndege anasimama kichwa chini. Nilimweleza kwamba muhuri mmoja ulizunguka ulipofungwa kwenye mashine, akaondoka akiibusu.

Siku moja akaja mzee kutoka Kisiba, amevaa suti yake ya Jumapili, na sarafu aliyoifunga ndani ya leso tatu. Aliifungua kwa heshima. Ilikuwa bapa, imetanuka upande mmoja, na uso wa juu umefutika wote.

"Nimeambiwa wewe unasijua silisokosewa," alisema. "Hii imekosewa sana."

Niliitazama kwa kioo. Niliitazama pande zote mbili na ukingoni, ingawa nilikwisha kujua tangu leso ya pili.

"Babu, hii ilitoka kiwandani nzima kabisa," nilimwambia. "Hii imekanyagwa na trekta."

Alifikiri kidogo. "La mashamba ya chai?"

"Hilo sarafu haisemi."

Mzee akacheka mpaka akashika meza, na baba akacheka naye kutoka kwenye kiti chake. Nikamkaribisha chai, maana mvua ilikuwa imeanza tena na Kisiba ni mbali.